Kabla ya kuuliza karati, uliza almasi imekatwaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaojiandaa kununua pete ya almasi hapa Dodoma, na wauzaji wao pia. Tangazo la pete siku hizi lina mambo mawili tu, karati na bei. Mnunuzi naye akishaingia dukani swali lake la kwanza ni "hii karati ngapi?" Sisi tunaopima vito tungependa swali hilo lije mwisho. Uzito ndio kitu rahisi kuliko vyote kupima katika almasi, na ndio unaoficha mengi.

Karati moja ni gramu 0.2, nayo imegawanywa katika pointi 100. Jiwe la nusu karati ni pointi 50. Bei hutajwa kwa kila karati, na bei hiyo hupanda kwa ngazi: jiwe likifika 0.50, likifika 1.00, likifika 1.50, kila karati yake inakuwa ghali zaidi. Kwa hiyo jiwe la karati moja haligharimu mara mbili ya lile la nusu karati, linagharimu zaidi ya hapo. Na pete ya vijiwe kumi vya pointi 10, ingawa jumla yake ni karati moja, thamani yake haikaribii pete ya jiwe moja la karati moja. Muuzaji akikwambia "karati moja", muulize ni jiwe moja au ni jumla. Ule muhuri wa 750 ndani ya pete unaeleza dhahabu peke yake, hausemi lolote juu ya jiwe.

Ngazi hizo za bei ndizo zinazomshawishi mkataji aharibu jiwe. Akiona jiwe ghafi litampa 0.93 akilikata sawasawa, huliacha nene ili lifike 1.00. Chukua jiwe la duara lenye nyuso 57 au 58, ndilo linalouzwa zaidi. Uso mkubwa bapa wa juu tunauita meza. Pembeni mwa meza kuna mteremko, kisha mkanda mwembamba unaozunguka kiuno cha jiwe, kisha kitako kinachoishia kwenye ncha. Likikatwa vizuri, jiwe la karati moja huwa na kipenyo cha milimita 6.4 hadi 6.5. Kuna hesabu ya makadirio ambayo mtu yeyote mwenye kalipa, kifaa cha kupimia milimita, anaweza kuifanya: kipenyo mara kipenyo, mara kimo, mara 0.0061. Jiwe la kipenyo 6.45 na kimo 3.95 linakupa 1.00. Jiwe la kipenyo 6.1 na kimo 4.4 nalo linakupa 1.00. Mizani inasema yako sawa. Lakini la pili uzito wake umejificha kitakoni. Ukilitazama kwa juu lina ukubwa wa jiwe la pointi 85 lililokatwa sawasawa, na mwanga unaoingia unavujia chini badala ya kurudi machoni. Hizo pointi 15 umezilipia na hutaziona kamwe.

Vipimo vya kushika kwa jiwe la duara ni hivi. Kimo kiwe kati ya asilimia 59 na 62.5 ya kipenyo. Meza iwe kati ya asilimia 54 na 60. Mteremko wa juu uwe na pembe ya nyuzi 34 hadi 35, na kitako kiwe karibu na 40.6 hadi 41. Si namba za kubuni. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mzaliwa wa Antwerp aliyetoka katika ukoo wa wakata almasi, alichapisha hesabu za njia ya mwanga ndani ya jiwe na kufikia nyuzi 34.5 juu na 40.75 chini. Fundi wa leo anacheza kidogo pembeni mwa namba hizo. Kitako kikiwa bapa mno, ukitazama kupitia meza unaona duara la kijivu ndani yake, kama jicho la samaki. Huo ni mkanda wa jiwe unaojionyesha mahali ambapo ungepaswa kuona mwanga. Kitako kikiwa kirefu mno, katikati panakuwa peusi.

Usiyatafute hayo chini ya taa za duka. Zile taa ndogo nyingi za darini zinafanya hata kioo cha chupa kimetemete. Omba jiwe lisogezwe mlangoni, kivulini, au chini ya taa ndefu ya kawaida ya ofisini, kisha ulizungushe polepole. Jiwe lililokatwa vizuri linaendelea kuwa hai hata hapo; lililokatwa vibaya linapoa na kuwa na madoa ya giza yasiyohama.

Ripoti za upimaji za GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, hutoa daraja la ukataji kwa jiwe la duara la kawaida, madaraja matano kutoka bora kabisa hadi hafifu. Kwa jiwe la yai, la tone la machozi au la mraba, ripoti hutaja ung'arishaji na ulinganifu tu, na wauzaji wengi hulichukua neno la sifa lililoandikwa hapo wakaliuza kama sifa ya ukataji. Sivyo. Jiwe linaweza kung'arishwa kama kioo na bado likawa na umbo bovu. Kwa yai na tone, angalia kivuli cheusi kinachokatiza katikati, chenye umbo la tai ya kipepeo. Kidogo hakikosi. Kikikaa pale pale kila unapolizungusha jiwe, liache. La mraba na la tone lina pembe kali zinazohitaji kucha ya dhahabu juu ya kila pembe, kwa sababu almasi, pamoja na ugumu wake wa daraja la 10, ina pande nne za kupasukia, na pigo moja la bahati mbaya ukingoni mwa sinki linatosha kulimega.

Sasa swali ambalo mnunuzi huliogopa zaidi: je, ni almasi kweli? Hapa kuna imani nyingi zisizofaa. Kukwaruza kioo hakuthibitishi kitu, maana hata kwazi, jiwe la kawaida la vilima vyetu, linakwaruza kioo. Kulitosa kwenye maji hakusaidii. Vito vyote hivi vinazama. Kulipulizia pumzi uone kama ukungu unaondoka haraka kunatenganisha almasi na kioo, lakini moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana sana na almasi, nayo inaondoa ukungu haraka. Nyundo usiitaje kabisa.

Gazeti hili hili linaweza kukusaidia kidogo. Jiwe la duara lisilofungwa kwenye pete liweke meza chini juu ya maandishi madogo. Ukisoma herufi kupitia kitako, jiwe hilo ni kioo, kwazi au topazi, au ni almasi iliyokatwa bapa mno kiasi cha kutostahili bei. Usiposoma, bado hujathibitisha kuwa ni almasi, kwa kuwa moisanaiti nayo haisomeki.

Ile kalamu ya kupimia almasi inayolia "pii" dukani ndiyo inayowadanganya watu wengi zaidi, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui. Kalamu ya kawaida inapima jinsi jiwe linavyosafirisha joto. Almasi inasafirisha joto kuliko vito vyote, moisanaiti inaikaribia vya kutosha kuiliza kalamu. Kwa hiyo kalamu ya joto inaikamata zirkonia (jiwe jingine la kutengenezwa linaloiga almasi), safaya nyeupe, topazi na kioo, lakini moisanaiti inaipitisha kama almasi. Inahitajika kalamu inayopima umeme pamoja na joto. Hata hiyo ina masharti: ncha isimame wima juu ya jiwe, isiguse dhahabu, betri iwe na nguvu, jiwe liwe limepoa. Jiwe lililokaa saa nzima chini ya taa, au kijiwe kidogo kilichopimwa mara tatu mfululizo, kitatoa jibu la ovyo. Subiri kidogo kati ya kipimo na kipimo.

Moisanaiti ina alama moja ambayo lenzi inaiona. Mwanga ukiingia ndani yake unagawanyika mara mbili, kwa hiyo kingo za nyuso za chini zinaonekana kama mistari miwili sambamba. Almasi haina tabia hiyo. Lakini usiangalie wima kupitia meza, kwa sababu moisanaiti hukatwa makusudi ili upande huo usionyeshe mistari miwili. Liinamishe jiwe, angalia kupitia mteremko wa pembeni. Lenzi iwe ya kukuza mara 10. Ilete karibu kabisa na jicho, kisha jiwe ulisogeze mpaka lionekane wazi, karibu sentimita 2.5, mikono yote miwili ikiwa imegusana ili isitetemeke. Na jiwe lioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu almasi inapenda mafuta ya vidole.

Zirkonia ni rahisi zaidi kama jiwe halijafungwa kwenye pete: ni nzito. Kwa kipenyo kile kile cha milimita 6.5 almasi inapima karati moja hivi, zirkonia inazidi karati 1.6. Moisanaiti inapima karibu 0.9. Kalipa na mizani ya sonara vinatosha.

Almasi ya maabara ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapolalamika hasa. Hiyo si bandia. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, mng'ao ule ule. Hutengenezwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, njia inayoitwa HPHT, au kwa gesi inayotua tabaka juu ya tabaka, njia inayoitwa CVD. Maabara za General Electric huko Marekani zilifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954, na katika miaka ya karibuni uzalishaji umekuwa mkubwa na bei yake imeporomoka hadi sehemu ndogo ya bei ya almasi ya ardhini. Kalamu haiitambui, ya joto wala ya umeme. Lenzi ya mara 10 kwa kawaida haiitambui. Inatambuliwa na mashine za maabara. Hakuna ubaya kuinunua kwa bei yake. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya ile iliyochimbwa. Muuzaji mwaminifu anapaswa kutamka na kuandika "ya maabara" bila kusubiri kuulizwa.

Kwa pete ya vijiwe vingi kuna jaribio la kuanzia. Maduka mengi yana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Zima taa nyingine, mulika pete. Kati ya robo na theluthi ya almasi za ardhini hung'aa chini ya taa hiyo, nyingi kwa rangi ya bluu, nyingine kidogo, nyingine sana, nyingine hazing'ai kabisa. Pete ya almasi thelathini za ardhini kwa kawaida inaonyesha mchanganyiko. Zote zikifanana kabisa, uliza zaidi. Jibu kamili halitoki hapo, ila sababu ya kupeleka pete ikapimwe inatosha.

Taa hiyo inahusu rangi pia. Rangi hupangwa kwa herufi kutoka D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano unaoonekana wazi. D hadi F ni nadra na ghali. G hadi J, mtu wa kawaida akiiona ndani ya pete hataona umanjano. Njia ya kupima ni kukunja karatasi nyeupe iwe kama mfereji, kulilaza jiwe humo meza ikiwa chini, na kulitazama kwa ubavu. Fanya hivyo kivulini mchana. Jua letu la saa saba Dodoma lina miali ile ile ya zambarau isiyoonekana, na jiwe linalong'aa bluu litaficha umanjano wake juani, kisha usiku chini ya taa ya sebuleni likajitoa. Mng'ao wa bluu wenyewe si kasoro. Kwenye jiwe la J au K hata unasaidia. Ukiwa mkali sana, hakikisha jiwe halina ukungu wa maziwa. Ukiwa unafunga kwenye dhahabu ya njano, usilipie D. Dhahabu itaipaka rangi, na J ingekutosha.

Usafi wa ndani nitaupitia haraka, kwa kuwa ndio unaokula fedha nyingi bila sababu. Ngazi zinaanzia FL na IF, zisizo na doa la ndani, zinakuja VVS, VS, SI, hadi I, ambako doa linaonekana kwa macho; ndani ya ngazi, 1 ni safi kuliko 2. Zote hupimwa kwa kukuza mara 10. Kwa jiwe la karati moja la duara, VS2 huonekana safi kwa macho, na SI1 nyingi pia. Kutoka hapo kupanda VVS unalipia kitu kisichoonekana bila lenzi. Lililo muhimu zaidi ni mahali doa lilipo. Chembe nyeusi chini ya meza hujirudia kwenye nyuso za chini na kuonekana kama nne au tano. Ufa unaofika kwenye mkanda ni hatari, maana hapo ndipo kucha ya pete itabana. Na SI2 yenye wingu pana la chembe ndogo inaweza kulifanya jiwe zima kuwa butu, ingawa mchoro wa ripoti unaonekana mweupe. Soma maelezo ya chini ya mchoro.

Kuna pia mawe yaliyojazwa kioo kwenye nyufa ili yaonekane masafi. Yainamishe chini ya lenzi: ufa uliojazwa hutoa mwako wa zambarau, bluu au chungwa unaopita ghafla. GIA haiyapi madaraja mawe ya namna hiyo, kwa hiyo ripoti yoyote inayoyapa VS itazame kwa jicho kali.

Juu ya ripoti zenyewe. Cheti kilichochapwa na duka linalouza jiwe ni maneno ya muuzaji tu. Ripoti ya maabara huru ina namba, na namba hiyo inaweza kuhakikiwa bure kwenye tovuti ya GIA. Mara nyingi namba imechongwa kwa leza kwenye mkanda, inasomeka kwa lenzi. Lakini usiishie kwenye namba. Wahalifu wamewahi kuchonga namba ya ripoti halali kwenye jiwe jingine, likiwemo la maabara. Pima kipenyo na kimo kwa kalipa, pima uzito, linganisha na ripoti hadi sehemu ya mia, kisha tafuta doa lililochorwa kama lipo pale pale. Ndiyo maana tunashauri kununua jiwe likiwa wazi, kulifunga baadaye. Jiwe lililoshafungwa huwezi kulipima uzito, na dhahabu inaficha rangi na ukingo. Na ripoti haitaji bei, wala si ahadi kwamba duka litalinunua tena.

Jina la Mwadui nalo linatumika vibaya. Mgodi ule wa Shinyanga, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, umetoa mawe makubwa ya sifa, likiwemo la waridi la karati 54.5 lililopatikana mwaka 1947, ambalo Malkia Elizabeth alizawadiwa akiwa bado binti mfalme na lilipokatwa likabaki karati 23.6. Lakini shimo moja la almasi hutoa vito na hutoa mawe ya kahawia ya kutengenezea vifaa vya kukatia. "Ya Mwadui" si daraja. Pima jiwe lililo mbele yako.

Wale wanaofuatwa stendi na mtu mwenye jiwe ghafi kwenye karatasi, ushauri ni mfupi. Sheria ya Madini hairuhusu kununua madini ghafi bila leseni. Biashara hiyo inafanyika kwenye masoko ya madini chini ya Tume ya Madini, yenye makao hapa hapa Dodoma, na almasi ghafi haivuki mpaka bila cheti cha Mchakato wa Kimberley, utaratibu wa kimataifa wa kuzuia almasi za vita ulioanza mwaka 2003. Mengi ya mawe hayo ni kwazi au topazi. Wajanja hulipima jiwe hewani, kisha likiwa ndani ya maji, wakagawa uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Almasi inatoa 3.52, kwazi 2.65. Shida ni kwamba topazi nayo inatoa karibu 3.5. Kipimo kimefaulu, jiwe si almasi.

Kwa jiwe lililokatwa na lenye bei ya kukutia mashaka, Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha, na kwa barabara ya Kondoa na Babati ni safari ya siku moja. Kubaliana na muuzaji kabla: malipo ya awali kwa risiti, na haki ya kurudisha jiwe kwa siku mlizopatana kwa maandishi. Risiti ya EFD iliyoandikwa "pete" haikusaidii kitu. Iambatane na maelezo yenye uzito hadi sehemu ya mia, vipimo vya milimita, rangi, usafi, namba ya ripoti, ya ardhini au ya maabara, na kama limejazwa kioo au kutobolewa kwa leza ili kuondoa doa. Ninawaomba wenye maduka mjini waanze kuandika hayo bila kulazimishwa.

Ukishampelekea sonara jiwe alifunge, chora mbele yake mahali doa lilipo na mkubaliane, ili ukilichukua mlitazame pamoja kwa lenzi. Akihitaji moto karibu na jiwe, alipake kwanza asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti, maana almasi ikipata moto mkali hewani uso wake huungua na kuwa mweupe kama umepakwa chaki, na hapo lazima ing'arishwe upya na kupoteza uzito. Iliyojazwa kioo haifai kupitishwa motoni hata kwa kupunguza tu saizi ya pete. Mwambie fundi kabla hajawasha.

Mpima vito,
Dodoma